Sura ya 6: Uamuzi Kabla ya Wingu

Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imejengwa juu ya kilima, na ndiyo maana wengi huiita Mlimani. Mafuriko ya jiji huanzia chini, katika bonde la Mto Msimbazi. Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Aliye juu hushawishika kuamini kwamba hayo ni mambo ya mabondeni.

Hujidanganya, kwa sababu mbili. Kwanza, jumuiya ya chuo hailali yote chuoni. Mpishi wa kantini, mlinzi wa zamu, mhadhiri na mwanafunzi aliyepanga mtaani, wote huingia na kutoka kila siku. Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi husimama. Chuo kikiwa kikavu kabisa, nusu ya watu wake wanaweza kuwa njiani wakitafuta pa kuvukia.

Pili, kilima chenyewe huzaa mafuriko. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la ukumbi lenye mita za mraba 1,000 likipigwa na mvua ya milimita 50 humwaga lita 50,000, yaani maboza matano ya lita 10,000. Jumlisha mapaa mengine, maegesho na barabara za lami ambazo hazinywi maji. Yote hayo hukimbilia mitaroni kwa muda mfupi, na mtaro ukizibwa na chupa za plastiki, maji huingia vyumba vya chini vya bweni. Kwa hiyo ramani ya hatari ya chuo haichorwi ofisini. Huchorwa na mtu aliyevaa buti, akitembea mvua inaponyesha, akiandika maji yanapopita, yanapotuama na swichi kuu ya umeme iko kimo gani kutoka sakafuni.

Maji yaendayo kasi

Mafuriko ya ghafla huua kwa mwendo wake kuliko kwa kina chake. Maji ya sentimita 15 yaendayo kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 hutosha kufanya gari dogo lielee, na sentimita 60 huchukua magari mengi, hata yale makubwa ambayo madereva huyaamini. Desemba 2021, huko Kitui nchini Kenya, basi la shule lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, na watu zaidi ya 30 wakafa. Aprili 2024 jijini Arusha, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji korongoni, na watoto kadhaa wakapoteza maisha.

Kanuni ya gari la chuo ni moja: dereva asiyeiona lami chini ya maji hageuzi hilo kuwa mjadala, hugeuza gari. Lakini kanuni hiyo haifanyi kazi kama dereva anaogopa kukaripiwa kwa kuchelewa. Lazima chuo kimwandikie mapema kwamba kuchelewa kwa sababu ya maji si kosa.

Radi nayo haingoji mvua iwe kubwa. Januari 2025 iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mchezo uwanjani usimame, watu waingie kwenye jengo imara, wakae mbali na nyaya na mabomba, na wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Nani aseme, na saa ngapi

Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa taarifa, na boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari. Siku chache kabla ya hapo, Kenya iliahirisha kufungua shule kwa sababu ya mafuriko. Tangazo lilitoka Aprili 29, siku ileile ya kufungua, na baadhi ya wanafunzi walikuwa wameshaondoka nyumbani. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila kwa waliokuwa njiani ulichelewa.

Dawa ya kuchelewa ni kuamua mvua ikiwa bado mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania hutumia ngazi tatu za onyo: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Chuo kiziandikie kila moja kazi yake. Angalizo likitoka, mafundi wazibue mitaro na kujaribu jenereta, na vitabu na kompyuta zipandishwe kutoka sakafuni. Ikitoka tahadhari, safari za mafunzo ya nje ziahirishwe na wanaokaa mbali waruhusiwe mapema. Ikifika tahadhari kubwa, masomo na mitihani visimame, na aliyeko mahali salama abaki hapo hapo.

Kila kazi iwe na mwenyewe na kaimu wake, kwa sababu dhoruba hupenda kuja mkuu akiwa safarini. Ujumbe upite njia zaidi ya moja: simu, megafoni, vipaza sauti vya msikiti na kanisa, na wawakilishi wa mabweni wanaogonga mlango kwa mlango, maana umeme na mtandao hukatika mapema. Wanafunzi wenye ulemavu wajulikane wanalala wapi na nani atawafuata, na mazoezi yafanyike walau mara moja usiku.

Wewe unayesoma au kufanya kazi chuoni, kaulize wiki hii: ikiwa saa tano usiku, nani ana mamlaka ya kuahirisha mtihani wa kesho? Ukijibiwa kwamba jambo hilo litapelekwa kikaoni, chuo chako bado hakijajiandaa. Dai jibu la swali hilo kwa maandishi kabla masika hayajaanza.