Mundu Ndani ya Damu

Mzazi anayekesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, vidole vimevimba na macho yamegeuka manjano, mara nyingi huambiwa na majirani kuwa mtoto amerogwa. Sayansi ina jibu lingine, nalo limo katika tone la damu.

Mwili hujengwa kwa seli, na kazi ya kila seli hutegemea molekuli zilizomo. Seli nyekundu ya damu imejaa protini iitwayo himoglobini, kiasi cha molekuli milioni 270. Hizo ndizo zinazochukua oksijeni mapafuni na kuisambaza mwilini. Seli yenyewe ni laini na ya mviringo, hupenya hata katika mishipa myembamba kuliko unywele.

Protini ni mfano wa mkufu wa shanga. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, akabainisha kuwa tofauti ni ya shanga moja tu. Katika mkufu wenye shanga 146, ya sita imebadilika.

Kosa dogo, hasara kubwa. Himoglobini hiyo ikiisha kuachia oksijeni, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi ngumu, na seli ikapindika mithili ya mundu. Ndipo ugonjwa ukaitwa selimundu. Seli hizo huziba mishipa midogo, maumivu yakaanza. Tena hufa baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, mtoto akapungukiwa damu.

Kosa hili hurithiwa. Aliyelipata kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui, bali ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison mwaka 1954 kwa utafiti wake Afrika Mashariki. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne kuwa mtoto atakuwa mgonjwa.

Basi vijana wanaotazamia ndoa na wapime damu mapema. Mtoto mgonjwa naye apelekwe hospitali, anywe maji ya kutosha na alale ndani ya chandarua, maana malaria humdhuru sana. Hakurogwa na mtu, wala mama yake hastahili lawama. Wazazi wote wawili wamerithisha, na wote wawili wamlee.