Chama cha madalali kilipokuwa mwenye soko

MWEKEZAJI mdogo akiuliza bei ya hisa hakosi jibu. Swali ambalo haliulizwi mara nyingi ni soko lenyewe ni la nani. Kwa miaka mingi mwenye soko, Nairobi kama ilivyokuwa London na New York, alikuwa ni chama cha madalali wenyewe, na gharama ya mpango huo aliilipa mteja.

Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali, kikaandikishwa chini ya Sheria ya Vyama. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kufanya biashara ya hisa hadi baada ya uhuru wa mwaka 1963. Wanachama ndio waliotunga kanuni za soko, na mwenzao akikosa, wao ndio waliomhukumu. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Vyama hivi havikuanzishwa kwa nia mbaya. Biashara ya hisa ni biashara ya neno la mtu, na dalali asiyetimiza ahadi alijulikana upesi na wenzake. Lakini mle mle ndani ya kuaminiana hujificha kupanga bei. Mei 17, 1792, madalali 24 wa New York walitia saini mkataba wa kupeana biashara wao kwa wao kwanza, na kutotoza kamisheni iliyo chini ya robo ya asilimia moja. Viwango vilibadilika baadaye, ila mtindo wa kupanga kamisheni kwa pamoja ulidumu hadi Mei 1, 1975, wakati tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa ilipoupiga marufuku. London ilifuata Oktoba 27, 1986, baada ya serikali kulibana soko hilo kwa kesi ya kuzuia ushindani.

Madalali walipinga. Hoja zao ni zile zile ambazo chama chochote cha wataalamu hutoa kikibanwa: huduma itashuka, kampuni ndogo zitakufa, mteja ataumia. Kampuni kadhaa zilikufa kweli au zikamezwa. Walionufaika mwanzoni ni wateja wakubwa, kama mifuko ya pensheni; mtu wa hisa chache alisubiri hadi madalali wa bei nafuu, Charles Schwab akiwa mmojawapo, walipoenea. Kufikia mwishoni mwa 2019 madalali wakubwa wa Marekani walikuwa wamefuta kabisa kamisheni kwa ununuzi wa kawaida wa hisa kwa mtandao (ingawa wana njia nyingine za kupata chao).

Kwa mwenye mtaji mdogo jambo hili si dogo. Akikatwa asilimia 2 wakati wa kununua na 2 tena wakati wa kuuza, bei ya hisa inabidi ipande kwa zaidi ya asilimia 4 kabla hajaonja senti ya faida.

Nairobi mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1991 chama kiligeuzwa kampuni, lakini kampuni iliyodhaminiwa na wanachama wale wale. Hifadhi kuu ya hisa iliyochukua nafasi ya vyeti vya karatasi ilianza Novemba 2004, na biashara kwa kompyuta Septemba 2006. Kisha yakaja maafa ya 2007 na 2008. Kampuni za udalali zilianguka, na wapo wateja waliokuta hisa zao zimeuzwa bila idhini yao. Soko lililopaswa kuwachunga madalali hao mapema lilikuwa bado mali ya madalali. Fidia wakati huo ilikuwa na kikomo cha Sh. 50,000 kwa mwekezaji, hata kama aliyopoteza ni mara kumi ya hizo.

Kilichowalegeza wanachama hatimaye kilikuwa zaidi ya aibu. Uanachama wao uligeuzwa kuwa hisa zinazoweza kuuzwa. Mwaka 2014 soko liliuza kwa umma hisa milioni 66 kwa Sh. 9.50 kila moja, likakusanya Sh. milioni 627, maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara saba. Dar es Salaam, ambako biashara ilianza 1998, soko liliuza hisa zake lenyewe mwaka 2016 kwa Sh. 500 za Tanzania. Madalali waliokuwa wakikataa kugawana nyumba walikubali kuiuza vyumba.

Hata hivyo, umiliki mpya haumwondoi dalali kati ya mwekezaji na hisa zake. Taarifa ya akaunti anayoandika dalali si sawa na ile inayotoka kwenye hifadhi kuu ya hisa. Mwekezaji ana haki ya kuiomba ya pili moja kwa moja, na kulinganisha idadi ya hisa, mstari kwa mstari.