Sataranji Haileti Alama, Huleta Hoja

Katika miaka ya karibuni imeenea imani kwamba mtoto akifundishwa mchezo wa sataranji, alama zake za hisabati zitapanda. Walimu huambiwa hivyo, nao wazazi hulipia mafunzo. Je, imani hiyo ina mashiko?

Mnamo 2016 yalichapishwa nchini Uingereza matokeo ya utafiti uliohusisha shule 100 za msingi. Nusu ya shule hizo zilifundisha sataranji kwa muda wa saa 30. Mwaka mmoja baadaye, wanafunzi waliofunzwa hawakuwashinda wenzao katika hisabati, wala katika kusoma, wala katika sayansi.

Basi tuzitupe kete? La hasha! Nionavyo mimi, tumekuwa tukiitafuta faida mahali isipokuwepo.

Jioni moja niliwatazama watoto wawili wakicheza. Aliyeshindwa alilalama, "Ningaliiona ngome yako, nisingalimsogeza malkia!" Mwenzake akamjibu, "Hata usingemsogeza, ningemla farasi wako." Mimi ni mwalimu wa isimu, masikio yangu yaliuacha mchezo yakaifuata sarufi. Hali hii ya masharti huwatoa jasho wanafunzi wa sekondari, ambao aghalabu huchanganya -nge- na -ngali- katika sentensi moja. Mtoto yule aliitumia bila kusita, kwa sababu alikuwa na jambo la kujutia.

Hapa ndipo ilipo faida. Mchezaji hana budi kuwaza: nikifanya hivi, atafanya vile. Mwalimu akimtaka aeleze sababu ya kila hatua, mtoto hujizoeza kujenga hoja, kuitetea na kuiacha inapobomolewa. Mwalimu anayewaacha watoto wacheze kimya amewapa burudani. Anayewataka waeleze amewapa somo.

Aidha, asiyekubali kushindwa si mshindani. Darasani, kosa hutiwa wino mwekundu na mtoto akaliogopa. Mchezoni, kosa hurejelewa, hujadiliwa, na husahihishwa na yule yule aliyelitenda.

Shule isiyo na fedha nayo isikate tamaa. Sataranji ina miraba 64 na kete 32. Bao letu la Waswahili, kinyume chake, lina mashimo 32 na kete 64, nalo humtaka mchezaji ahesabu na kutabiri vivyo hivyo. Mashimo huchimbwa ardhini, na kokoto ziko kila mahali. Itakuwa ajabu tukiagiza ng'ambo mbao za sataranji huku tukiwaambia watoto kwamba bao ni mchezo wa wazee wasio na kazi.

Walimu wenzangu, msiwaahidi wazazi alama ambazo mchezo hauwezi kuzileta. Wekeni kete mezani, na mchezo ukiisha, msiishie kumuuliza mtoto ni nani aliyeshinda. Muulizeni angalicheza vipi, kisha msikilizeni kwa makini.