Barabara za India: Rekodi Zake na Anachopaswa Kujua Dereva

India ina zaidi ya kilomita milioni 6.3 za barabara, mtandao wa pili kwa urefu duniani baada ya ule wa Marekani. Barabara kuu za taifa ni kama asilimia 2 tu ya mtandao huo, lakini hubeba karibu asilimia 40 ya magari yote yanayosafiri. Takwimu hizo mbili zinatosha kumwonya msafiri: barabara nzuri zipo, ila kila mtu yuko juu yake, kuanzia malori ya tani 40 hadi trekta la miwa, bajaji, ng'ombe na mzee wa baiskeli.

Mtu wa Afrika Mashariki akitua Delhi au Mumbai hukuta magari yanapita kushoto na usukani uko kulia, kama nyumbani. Hilo humpa ujasiri wa haraka kuliko inavyofaa. Nchi hii inapenda rekodi na huzitangaza kwa fahari, kwa haki kabisa. Kwa anayepanga safari ndefu, kila rekodi inamweleza jambo kuhusu matairi yake, mapafu yake na saa zake, na ndiyo maana nimezikusanya hapa.

Ndefu kuliko zote

Barabara Kuu ya Taifa namba 44, au NH 44, inaanzia Srinagar katika bonde la Kashmir na kuishia Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India bara. Ni kilomita 3,745, zaidi ya mara tatu ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Njiani unapita Jammu, Ludhiana, Delhi, Agra, Gwalior, Nagpur, Hyderabad, Bengaluru na Madurai. Unaanza na theluji, unamaliza kwenye minazi.

Anayeiangalia kwenye ramani hupiga hesabu ya kilomita 80 kwa saa, na hapo ndipo safari nyingi huharibika. Kwenye uwanda, penye njia nne zilizotenganishwa, wastani wa kilomita 60 kwa saa ni mwendo mzuri ukijumlisha miji, vituo vya tozo na kupumzika. Milimani, 25 kwa saa ni kawaida. Panga siku yako kwa saa, usipange kwa kilomita. Kilomita 400 kwa siku kwenye uwanda zinatosha, na 150 milimani zinatosha zaidi.

Kipande cha kaskazini ndicho chenye hila. Kati ya Jammu na Srinagar, hasa maeneo ya Ramban na Banihal, mlima humomonyoka na kuziba barabara kila mvua au theluji inapozidi. Handaki la Chenani–Nashri, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 9, lilifunguliwa Aprili 2017 na kupunguza kama kilomita 30 za kuzunguka mlima. Hata hivyo polisi wa usalama barabarani bado huruhusu magari kwa zamu, upande mmoja kwa wakati, hali ikiwa mbaya. Uliza asubuhi kabla ya kuwasha gari. Kukwama hapo kunaweza kumaanisha kulala ndani ya gari.

Kati ya Delhi na Jalandhar, NH 44 inafuata Grand Trunk Road, njia kongwe ambayo Sher Shah Suri, mtawala wa miaka ya 1540 hadi 1545, aliijenga upya na kuiwekea nyumba za wasafiri. Karibu na Karnal bado utaona minara ya matofali iliyokuwa ikiwapimia wasafiri umbali. Kwenye kipande hicho hicho, kama kilomita 50 kutoka Delhi, iko Murthal, mji unaojulikana kwa dhaba zake, yaani migahawa ya kando ya barabara, inayouza paratha zilizojazwa viazi na kuwekewa bonge la siagi nyeupe juu. Kanuni ya kuchagua dhaba ni ile ile ya kwetu: simama palipo na malori mengi, kula kilichopikwa sasa hivi, na maji kunywa ya chupa iliyofungwa.

Kusini zaidi, katika msitu wa Pench kaskazini mwa Nagpur, NH 44 imeinuliwa juu ya nguzo ili wanyama wapite chini. Njia ndefu zaidi ya wanyama chini ya barabara ina mita 750, na kamera zimewanasa chui milia wakipita humo. Yeyote aliyewahi kuona swala aliyegongwa Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi, ataelewa kwa nini mradi huu unastahili kuigwa.

Ya juu kuliko zote

Kwa miaka mingi vibao vya kipito cha Khardung La, juu ya mji wa Leh huko Ladakh, viliwaambia wageni kuwa wako kwenye barabara ya magari iliyo juu kuliko zote duniani, futi 18,380. Vipimo vya kisasa vilipofanyika, kimo kilikutwa kuwa mita 5,359 tu. Rekodi ya kweli ikaenda Umling La, mashariki mwa Ladakh karibu na mpaka wa China. Shirika la Barabara za Mipakani, BRO, lilijenga hapo kilomita 52 za lami kutoka Chisumle hadi Demchok, na mwaka 2021 Guinness wakaitambua kwa futi 19,024, sawa na mita 5,798. Oktoba 2025 BRO ikatangaza kuwa imefikisha barabara kipito cha Mig La, futi 19,400, takriban mita 5,913.

Kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Safari ambayo mpandaji wetu huichukua kwa siku tano au sita, akiuzoesha mwili hatua kwa hatua, hapa gari linaweza kuimaliza kwa saa chache, na mwili haujui kwamba umebebwa. Kwenye kimo hicho hewa ya oksijeni ni kama nusu ya ile ya pwani. Kichwa hugonga, tumbo hukataa chakula, akili huwa nzito, na dereva mwenye akili nzito yuko kwenye barabara isiyo na kingo.

Kwa hiyo: ukifika Leh kwa ndege, mita 3,500 juu ya bahari, kaa siku mbili kamili bila kupanda zaidi. Kunywa maji mengi, acha pombe, lala mapema. Mwenzako akianza kuyumba, kukohoa akiwa amekaa au kusema yasiyoeleweka, usisubiri kupambazuke, mteremshe mara moja. Kushuka ndiyo dawa ya kwanza.

Maeneo haya ya mpakani yanahitaji kibali, na baadhi yake hayafunguliwi kwa raia wa kigeni. Pia huko Ladakh vyama vya madereva wa teksi huzuia magari na pikipiki za kukodi kutoka nje ya eneo hilo. Uliza kabla ya kulipia.

Njia ya kufika huko kutoka Manali, kama kilomita 430, ndiyo iliyo ngumu kuliko zote ambazo msafiri wa kawaida huzijaribu. Handaki la Atal lenye kilomita 9.02, lililofunguliwa Oktoba 2020 chini ya kipito cha Rohtang, limepunguza kilomita 46 na saa kadhaa. Baada ya hapo bado kuna Baralacha La, Lachulung La na Tanglang La, vipito vya kati ya mita 4,800 na 5,400. Kwa miaka mingi kituo cha mafuta cha Tandi kimekuwa na kibao kinachosema kituo kinachofuata kiko kilomita 365 mbele. Jaza tangi hapo na ubebe dumu la akiba.

Kuna siri moja ya njia hii ambayo wenyeji huijua na wageni huijua wakiwa wameshalowa. Vijito vinavyokatiza barabara vinatokana na theluji inayoyeyuka. Asubuhi ni vya kuvuka kwa viatu. Ikifika saa nane mchana jua limeshafanya kazi yake na maji yanaweza kuingia kwenye injini. Anza safari alfajiri, uvuke vijito vyote kabla ya mchana.

Zenye kona nyingi

Milima ya Kolli, jimbo la Tamil Nadu, ina barabara yenye kona 70 kali zinazogeuza gari karibu nyuzi 180. Kila kona ina namba yake. Kwenye njia ya Manali kwenda Leh kuna Gata Loops, kona 21 zinazopandisha gari zaidi ya mita 400. Katika mojawapo ya kona hizo kuna rundo kubwa la chupa za maji. Wanasema utingo wa lori aliachwa hapo mgonjwa theluji ilipofunga njia, akafa akiomba maji, na hadi leo madereva husimama kumwachia chupa.

Anayepanda ndiye mwenye haki ya kupita; anayeshuka humpisha. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, maana breki zikichemka huko hakuna pa kukimbilia. Dereva aliyezoea mteremko wa Kitonga, Tanzania, hahitaji kuambiwa mara mbili. Kabla ya kila kona isiyoonekana mbele, piga honi.

Honi za India nazo zinahitaji maelezo. Nyuma ya malori, katikati ya maua, macho na rangi za kung'aa, utasoma ombi la kupigiwa honi. Jimbo la Maharashtra lilipiga marufuku maandishi hayo mwaka 2015 ili kupunguza kelele, lakini yangalipo kila mahali. Honi fupi maana yake ni “niko hapa”, na dereva wa lori huitegemea kuliko vioo. Taa kali zikiwashwa na kuzimwa kutoka mbele hazikukaribishi upite. Aliyeziwasha anasema anakuja na hatasimama.

Mpya kuliko zote, na iliyotandikwa haraka kuliko zote

Juni 2022, kati ya Amravati na Akola kwenye NH 53, wakandarasi walitandika kilomita 75 za njia moja ya lami mfululizo kwa saa 105 na dakika 33, wakaivunja rekodi iliyokuwa ya Doha, Qatar. Januari 2024 Mumbai ikafungua Atal Setu, daraja la kilomita 21.8 ambalo ndilo refu kuliko yote nchini. Pikipiki na bajaji haziruhusiwi. Barabara ya mwendo kasi ya Delhi–Mumbai nayo inafunguliwa kipande kwa kipande. Ujenzi wa kasi hiyo unamaanisha michepuko mingi isiyo na taa, na ramani ya simu iliyopitwa na wakati. Malipo ya tozo hukatwa kwa FASTag, stika ya kioo cha mbele iliyolazimishwa tangu Februari 2021. Hakikisha ya gari lako ina salio.

Hali ya hewa

Joto kubwa kuliko yote kupimwa India ni nyuzi 51 za Selsiasi, Phalodi huko Rajasthan, 19 Mei 2016. Mawsynram katika Meghalaya hupata karibu milimita 11,900 za mvua kwa mwaka, kiasi kisichofikiwa na kwingineko duniani. Masika ya India hufika Kerala karibu 1 Juni na huondoka kaskazini kuanzia katikati ya Septemba.

Mimi ninahofia ukungu zaidi kuliko vyote hivyo. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari, uwanda wa kaskazini hufunikwa usiku kucha hadi saa tatu au nne asubuhi. Kwenye Yamuna Expressway, kilomita 165 kati ya Greater Noida na Agra, kikomo cha kasi hupunguzwa kila majira ya baridi kwa sababu gari moja likigonga, kumi yaliyo nyuma hayaoni. Ukungu ukishuka, toka barabarani hadi kituo cha mafuta au mgahawa. Usiegeshe pembeni ukiwa umewasha taa za tahadhari. Anayekufuata atadhani unatembea.

Rekodi ya majonzi

Kwa vifo vinavyoripotiwa na serikali, hakuna nchi inayopoteza watu wengi zaidi barabarani. Mwaka 2022 serikali ya India ilihesabu vifo 168,491, wastani wa watu 19 kila saa. Zaidi ya asilimia 70 ya vifo hivyo vilihusishwa na mwendo kasi. Septemba mwaka huo Cyrus Mistry, aliyewahi kuongoza kampuni ya Tata Sons, alifariki kwenye barabara ya Ahmedabad–Mumbai akiwa kiti cha nyuma bila mkanda. Funga mkanda kila kiti, hata kama dereva atasema hakuna haja.

Usiendeshe usiku. Ningekuwa na nafasi ya ushauri mmoja tu, ungekuwa huo. Giza likiingia, trela la miwa lisilo na taa wala viakisi huwa ukuta katikati ya njia, ng'ombe hulala kwenye lami kwa sababu ina joto, na pikipiki huja upande usio wake ili kukwepa kuzunguka kilomita mbili kutafuta pa kugeukia. Malori nayo hung'ang'ania njia ya kulia, kwa hiyo utalazimika kuyapita kushoto ambako vikwazo hivyo vyote vipo. Kama ni mara yako ya kwanza India, kodi gari pamoja na dereva wake. Ukiendesha mwenyewe, beba leseni yako na ile ya kimataifa, na gari la kukodi la kujiendesha liwe na namba zenye maandishi ya njano juu ya kibao cheusi, maana hiyo ndiyo alama yake kisheria.

Hifadhi namba mbili kwenye simu: 112 kwa dharura yoyote na 1033 kwa msaada kwenye barabara kuu za taifa. Ukikuta ajali, simama usaidie. Sheria ya India inamlinda msamaria, na polisi hawawezi kukulazimisha utaje jina lako.