Hoteli za Mji Mkongwe zauza maji, kuta zalipa

Biashara ya kulaza wageni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar imefika mahali ambapo kitanda cha samadari na kifungua kinywa juu ya paa havitoshi tena. Mgeni anataka chumba cha mvuke, meza ya kukandwa, singo ya kusugulia mwili na beseni la maji ya waridi, na anataka vyote hivyo ndani ya jumba la karne ya 19 lenye mlango wa nakshi. Wenye hoteli wanajitahidi kumridhisha. Tatizo ni kwamba majumba hayo hayakujengwa kubeba maji, na gharama ya kuyabebesha haimo katika takwimu yoyote ya utalii inayosomwa hadharani.

Takwimu zenyewe ni nzuri. Ofisa mmoja anayeifuatilia sekta hii, aliyeomba asitajwe, anazo kichwani: wageni zaidi ya 538,000 mwaka 2019, zaidi ya 638,000 mwaka 2023, na zaidi ya 736,000 mwaka 2024. Kwake yeye hesabu hiyo inajibu kila swali. Akiulizwa hali ya nyumba, anarudi kwenye idadi ya wageni. Akiulizwa nani anapata nini, anarudi hapo hapo.

Lakini hesabu hiyo inahesabu vichwa vinavyopita uwanja wa ndege na bandarini. Haisemi mgeni amelala wapi, na wanaoishi kwa biashara hii wanajua kwamba wengi hukimbilia fukwe za Nungwi, Kendwa na Paje, kisha Mji Mkongwe ukapewa usiku mmoja au miwili mwanzoni au mwishoni mwa safari. Ndiyo sababu hoteli za mjini zimegeukia spa. Usiku ukiwa mmoja, faida lazima itafutwe katika saa ambazo mgeni hajalala.

Jengo lenyewe lina masharti yake. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita na kuzidi. Sakafu za juu hulala juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu wa kutosha, vyumba ni vyembamba, upana wa mita tatu hivi, hata kama urefu wake unatosha kuandalia karamu. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha zege la chokaa hupigwapigwa mpaka lishikane. Jengo la namna hii hupumua: unyevu huingia na kutoka. Choo na bafu vilitengwa pembeni, kimoja juu ya kingine, ili maji yateremke njia moja. Leo jumba hilo hilo linatakiwa kuwa na bafu katika kila chumba, na chumba cha mvuke juu ya hayo.

Waliotangulia walikuwa na akili nyingine. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 na sultani kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, ilisimama peke yake shambani, na kuba zake na mapambo yake ya lipu bado zinatazamwa. Kasri la Maruhubi, lililojengwa mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899, lilikuwa na mabafu yake. Mjini, sultani aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 alijenga hamamu ya watu wote, ambayo mtaa wa Hamamni umechukua jina lake. Ilikuwa na vyumba vya joto na vya baridi, na ilihudumia watu mpaka mwaka 1920. Zote hizo zilijengwa chini, na zilijengwa kwa ajili ya maji tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyepandisha hamamu ghorofa ya pili juu ya boriti.

Kwamba sasa inapandishwa kuna historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wengi wakaondoka, na wapangaji wakaingia, familia kadhaa katika jumba moja, kwa kodi isiyotosha hata kuziba paa. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, wenye mitaji walianza kukarabati na kugeuza hoteli. Mwaka 1994 kukawa na mpango wa hifadhi, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Bei ya kulala ikapanda pamoja na hadhi. Majengo ya mji yanakadiriwa kuwa 1,700 hivi, na yaliyogeuzwa hoteli ni sehemu ndogo tu. Yaliyobaki yanaendelea kuzeeka yakiwa na watu ndani.

Mwenye hoteli moja ya vyumba vichache, katika jumba alilolipanga upande wa Shangani, ndiye aliyelieleza jambo hili bila kupamba. Malalamiko yake yanaanzia kwenye mkataba. Jumba si lake, ni mpangaji. Ukarabati ni wa mfukoni mwake, na ukimalizika unakuwa mali ya mwenye nyumba. Benki haikubali jumba la kupanga kuwa dhamana, kwa hiyo mkopo anaoupata ni wa muda mfupi na riba yake nzito. Ili aulipe anahitaji kitu kinacholeta fedha haraka, na kitu hicho ni spa. Kwa maneno mengine, anasema, analimaliza jumba ili alipe deni la kulitengeneza.

Lalamiko lake la pili ni majira, na hili ndilo analolirudia zaidi. Chokaa hukauka polepole. Lipu ya chokaa haitaki mvua ya kuipiga wala haraka, na tabaka moja lazima lisubiriwe kabla ya jingine kupakwa. Wakati mzuri wa kazi hiyo ni kiangazi, na kiangazi ndiyo miezi wageni wanapojaa, kuanzia Juni hadi Oktoba. Masika, kati ya Machi na Mei, vyumba viko wazi na nafasi ya kazi ipo, lakini ndipo mvua inapoteremka na paa linapoonyesha madhaifu yake. Akifunga Julai atengeneze, anapoteza msimu. Akingoja Aprili, fundi wa chokaa anamwambia arudi mwezi wa sita.

Basi wengi, naye hakujitoa kati yao, huchukua njia ya mkato: saruji. Inakauka upesi, fundi wake yupo kila mtaa, na vigae vya bafu vinakaa juu yake vizuri. Baada ya misimu michache ukuta unaanza kujibu. Saruji inazuia unyevu usitoke, chumvi inajikusanya ndani, lipu inavimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta mahali ambapo hakuna anayeviona. Sheria za hifadhi zinadai vifaa vya asili na kibali kabla ya kugusa jengo. Yeye anasema ukaguzi ni mkali kwenye rangi ya dirisha inayoonekana barabarani, na mlegevu kwenye bomba lililopitishwa ndani ya sakafu.

Ofisa alipoulizwa hilo alisema taratibu zipo na zinafuatwa. Huenda. Lakini Beit al-Ajaib, jengo la 1883 lenye nguzo za chuma na linalojulikana kuliko yote mjini, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha, wakati lilikuwa chini ya serikali yenyewe na katikati ya ukarabati. Kama jengo hilo halikuokolewa kwa wakati, mpangaji wa uchochoroni ana haki ya kuuliza lake litaokolewa na nani.

Ugavi wa spa nao una manung'uniko yake, ingawa hauna msemaji mwenye sauti. Singo ni kazi ya akina mama: karafuu, liwa, asumini na waridi kavu hutwangwa na kuchanganywa kwa kipimo ambacho kila nyumba inakificha. Zamani ilikuwa ya biharusi. Sasa ni ya mtalii. Muuzaji mmoja wa Mji Mkongwe anasema hoteli hununua kwa mkopo, hulipa msimu ukiisha, na hubandika jina lao kwenye chupa. Nyingine zimeacha kununua kabisa, zikaleta mafuta ya nje yaliyoandikwa viungo vya Zanzibar.

Mustakabali, kwa hiyo, ni wa kusomwa kwa tahadhari. Wageni wanaongezeka na huenda wakaendelea kuongezeka, ingawa wenye hoteli ndogo wanasema tozo zinazoanzia kwa mgeni, ikiwemo bima ya lazima ya dola 44 kwa mtu mzima tangu Oktoba 2024, hukatwa mwishowe kwenye bajeti ya kukandwa. Spa za ghorofa ya chini, zenye mitaro yake na kuta za chokaa, zina nafasi ya kudumu. Za juu zinategemea zaidi bahati. Ikiwa mikataba ya majumba itarefushwa kufikia umri wa mkopo wa maana, na fundi wa chokaa akapata kazi ya mwaka mzima, hesabu inaweza kugeuka. Hakuna dalili za haraka kwamba lolote kati ya hayo mawili liko karibu, na mwenye hoteli wa Shangani tayari anaulizia bei ya chumba cha pili cha mvuke.