Hamira, Jua la Bagamoyo na Ngozi Yetu

Mgema wa Bagamoyo aangikaye kibuyu kileleni mwa mnazi hatii hamira ndani yake. Hamira huja yenyewe, na kufikia jioni tembo limekwisha kuchacha. Kiumbe huyu wa seli moja, ambaye pia huumua unga wa maandazi yetu, amewafunza wanasayansi mengi kuhusu jinsi mwili wa mwanadamu unavyotengeneza madhara ya jua.

Jua huleta mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Ikipenya kwenye seli, huzigandanisha herufi mbili jirani katika uzi wa DNA. Seli ikigawanyika kabla ya kuzitengeneza, huweza kunakili kosa. Makosa yakirundikana, saratani hupata mwanya.

Hamira ina njia mbili kuu za kujitengeneza. Ya kwanza ni ya ajabu: kimeng'enya kiitwacho fotolaisi hunasa nuru ya buluu, ambayo imo katika jua lilelile lililodhuru, kikaitumia kuzibandua herufi zilizogandana. Claud Rupert alikieleza mwaka 1960, baada ya kukipata katika hamira ya waoka mikate. Sisi binadamu hatunacho.

Njia ya pili tunayo sote. Protini hukagua uzi, hukata kipande chenye herufi zipatazo 30, kisha pengo hujazwa kwa kufuata uzi wa pili ulio mzima. Fundi wa nyavu pale ufukweni hufanya vivyo hivyo: hukata kwanza macho yaliyoharibika, ndipo asuke mapya. Kazi hii haihitaji nuru, huendelea hata usiku. Jeni nyingi zinazoiongoza katika hamira zina wenzi wake kwa binadamu: RAD14 ya hamira ni sawa na XPA yetu, na RAD3 ni sawa na XPD. Herufi XP zimetokana na zeroderma pigmentosamu, maradhi adimu ya kurithi. Mwaka 1968 James Cleaver alionesha kwamba seli za wagonjwa wake hushindwa kutengeneza DNA iliyodhuriwa na mionzi hiyo.

Mhudumu wa zahanati asichanganye hali mbili. Mwenye ualbino anao mafundi kamili. Alichopungukiwa ni melanini, kile kivuli cha ndani ya ngozi, hivyo kazi huwazidi mafundi. Mtoto mwenye XP, kinyume chake, aweza kuwa mweusi kama wazazi wake, lakini mafundi wana hitilafu. Madoadoa mengi usoni tangu utotoni na macho yasiyostahimili mwanga ni sababu ya kumpa rufaa.

Kwa wakulima wa mwani wa Mlingotini, ambao kazi yao hufuata maji kupwa wala si saa ya kivuli, kofia peke yake haitoshi, maana mchanga mweupe na maji hurudisha mionzi usoni kutoka chini. Mikono mirefu na shingo iliyofunikwa hupunguza mzigo huo, hasa kwa wenye ualbino. Kidonda au uvimbe wa ngozi usiopona kwa majuma manne uchunguzwe. Ukigunduliwa mapema, mara nyingi upasuaji mdogo hutosha.