Ngome ya Kabete: ililishwa na watu iliowaogopa

Mtaje ngome mbele ya mkazi wa Muthurwa, na mawazo yake yatakimbilia Mombasa, kwenye kuta nene za Fort Jesus ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593. Ni wachache watakaoutazama mto unaopita karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, ule tunaouvuka tukielekea Gikomba huku tumeziba pua. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu. Katika miinuko ya upande huo wa juu ndiko Waingereza walikojenga ngome mbili kabla hapajawa na mji wowote uitwao Nairobi.

Ya kwanza iliteketezwa kwa moto. Ya pili, Fort Smith ya Kabete, ndimo alimotiwa pingu mtu ambaye leo jina lake limo katika barabara kuu ya kuelekea huko huko: Waiyaki.

Kwa nini Kikuyu? Jibu liko tumboni. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilitaka njia ya kutoka Mombasa hadi Uganda, na wakati huo mizigo yote ilikwenda kwa vichwa vya wapagazi. Kila mmoja alibeba kama kilo 30, na kila mmoja alidai kibaba chake cha posho siku kwa siku. Wapagazi mia tatu hula chakula cha kijiji kizima. Baada ya kutoka Machakos msafara ulivuka mbuga za Athi zisizo na shamba, na mbele yake kulikuwa na Bonde la Ufa, nchi ya wafugaji. Kati ya hapo, mahali pa kujaza magunia palikuwa pamoja tu, mashamba ya Wakikuyu yenye maharagwe, mahindi, viazi vitamu na ndizi. Ngome basi haikuwa ya kupigania mpaka wowote. Ilikuwa ghala lenye bunduki.

Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard alifika Dagoretti. Alikula kiapo cha undugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi mashuhuri wa sehemu hizo, akajenga boma la miti, kisha akaendelea na safari yake ya Uganda. Nyuma alimwacha George Wilson na askari wachache kutoka pwani. Undugu huo haukudumu. Watu wa misafara walizoea kuingia mashambani na kujitwalia chakula bila ya kulipa, na mwenye shamba alipokataa walimwonyesha mtutu. Mwaka 1891 Wilson alilazimika kuihama ngome, na wenyeji wakaitia moto. Tusishangae. Hata nduguyo wa tumbo moja, akija kila wiki kuvuna shambani kwako bila hodi, siku moja utamfungia mlango.

Mwaka huo huo Kapteni Eric Smith alijenga ngome nyingine Kabete, nayo ikapewa jina lake. Ukilinganisha na Fort Jesus utacheka. Ile ya Mombasa ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, fundi wa Kitaliano, kwa mawe ya matumbawe, na ngome zake za pembeni zikachomoza ili mizinga ilinde kuta kutoka ubavuni. Hapa Kabete mpango ulikuwa wa wanaume wenye haraka. Walichimba handaki kuzunguka uwanja na kusimamisha ua wa magogo. Ndani yake walipanga nyumba za maofisa, vibanda vya askari na maghala, na bendera ikapepea kwenye mlingoti wake.

Haraka hiyo ilikuwa na akili yake. Adui hakuwa na mizinga, kwa hiyo ukuta wa mawe haukuhitajika. Handaki lilimzuia mtu mwenye mkuki na ngao asifike uani kwa mbio moja, na kusitasita kwake kulimpa mwenye bunduki nafasi ya kulenga. Wakikuyu wenyewe hawakuwa wageni wa ufundi huo. Vijiji vyao vya mpakani vilikuwa na nyua za miti na milango iliyofichwa msituni, kwa ajili ya kujikinga na mashambulizi.

Ila ua wa magogo hauoti maharagwe. Chakula kilikuwa nje, mikononi mwa wale wale ambao handaki lilichimbwa kwa ajili yao. Fort Jesus nayo ilionja uchungu huo. Waomani walipoizingira kuanzia mwaka 1696, njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwa ndani, na Desemba 1698 ikaanguka, kuta zake nene zikiwa bado zimesimama.

Agosti 1892 Waiyaki aliingia Fort Smith, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya W. J. Purkiss. Ugomvi ukazuka, wakashikana, na Waiyaki akajeruhiwa kichwani kwa upanga wake mwenyewe. Alifungwa pingu, akahukumiwa na kupelekwa pwani kwa miguu. Hakufika. Alifia Kibwezi, na masimulizi ya Wakikuyu yanashikilia kwamba alizikwa akiwa hai.

Kama Waingereza walidhani kumwondoa kungeleta amani, walijidanganya. Mapema mwaka 1893 Sir Gerald Portal alipita hapo akielekea Uganda, akaandika kwamba mtu hakuweza kutoka ngomeni kwa usalama bila kikosi cha kumlinda. Lawama aliitupia Kampuni yenyewe, kwa kuchukua vitu vya watu bila malipo. Ngome ya kuwatisha majirani ikawa jela ya wenyewe.

Kilichoiua Fort Smith hakikuwa mkuki. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, na Mei 1899 ikafika kwenye tambarare yenye majimaji kando ya Mto Nairobi. Posho iliyokuwa ikitafutwa kwa bunduki sasa ililetwa na gari moshi, na wapagazi wakakosa kazi. Makao ya reli yakahamishiwa Nairobi mwaka huo huo, na John Ainsworth naye akahamisha ofisi ya serikali kutoka Machakos. Francis Hall, aliyeitawala Fort Smith kwa miaka kadhaa, alitumwa Mbiri mwaka 1900 kuanzisha kituo kipya. Alifia huko mwaka uliofuata, na pakaitwa Fort Hall hadi Kenya huru ilipoparudishia jina la Murang'a.

Reli nayo ikajenga makao yake. Landhi za Muthurwa, nyumba za safu kwa safu, zilikuwa za wafanyakazi wake Waafrika. Mwaka 2010, wakazi walipotakiwa kuhama na nyumba zikaanza kubomolewa, walikimbilia Mahakama Kuu. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao, ikiwemo ya makazi, zilikuwa zimevunjwa.

Hatua chache kutoka hapo liko soko la Muthurwa, lililofunguliwa mwaka 2008. Alfajiri malori hushusha kabichi, viazi na sukuma wiki kutoka Kikuyu na Limuru, na mwenye gunia haondoki mpaka ahesabu pesa zake zote.